Isome mgongoni kabla ya kununua: majibu kuhusu kibodi za laptopu kuukuu

Chini ya meza yangu ya ufundi hapa Mlandege, Unguja, kuna bati la biskuti lenye kibodi tisa za laptopu. Zote mpya, zote nzima, na hakuna hata moja iliyokaa kwenye mashine iliyonunuliwa. Saba ziliachwa na wateja, mbili nilizinunua mimi mwenyewe nilipokuwa naanza kazi. Kila nikilivuta bati lile naona pesa za watu: ada ya mtoto, nauli ya boti, mauzo ya wiki nzima ya mama wa maandazi. Kwa hiyo barua za kibodi zilipofuatana mwezi huu, za betri na chaja nimeziweka kando. Safari hii ni kibodi tu.

*Binti yangu fundi, assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Wete. Laptopu yangu ni HP EliteBook, niliinunua ya mtumba baada ya msimu wa karafuu, sasa mwaka wa nne. Naandikia maswali ya mitihani ya watoto, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Tangu Ramadhani herufi zimeanza kugoma. Ilianza N, ikafuata H, sasa mstari mzima wa juu haushiki. Nilimtumia pesa mwanangu aliyeko Unguja akaninunulia kibodi, ikaja na boti hadi Mkoani, ikapanda gari hadi hapa. Fundi wetu akaijaribu, akanambia haiingii: utepe wake, ule waya bapa wa kuiunga na mashine, uko upande mwengine na matundu ya skrubu hayalingani. Dukani walimwambia mwanangu kuwa ni ya EliteBook, na kweli kwenye boksi imeandikwa hivyo. Sitaki kutuma pesa mara ya pili nikapotea tena. Nichague vipi? Na je, ni lazima iwe na herufi za Kiarabu?*
*Maalim, Wete, Pemba*

Wa alaykumu ssalaam, Maalim wangu. Pole kwa hasara, na pole kwa watoto waliokosa karatasi zao. Mwanao usimlaumu. EliteBook ni jina la ukoo. Ukishuka bandarini Mkoani ukamwambia mwenye gari akupeleke kwa Ali, atakuuliza Ali yupi, wa wapi, mtoto wa nani. Laptopu nazo ndivyo zilivyo. HP wametoa EliteBook za kila umbo, na hata ukitaja 840 bado hujamaliza, maana ipo 840 G1, ipo G2, G3 na kuendelea. Hiyo G ni kizazi.

Fundi wenu kanitumia picha, Mungu ambariki, kazipiga nje kwenye mwangaza na kila tarakimu inasomeka. Mashine yako ni 840 G1, toleo lililotoka mwaka 2013. Kibodi uliyoletewa ni ya G3. Ukiziangalia kwa juu utasema ni pacha: rangi moja, herufi zimepangwa vilevile, ukubwa unakaribiana. Lakini G3 iliundwa upya, nyembamba zaidi, na kibodi yake ikachongwa upya kufuata umbo hilo. Ungeletewa ya G2 ingekaa bila ya tabu yoyote, kwa sababu G1 na G2 zinavaa kibodi moja. G3 nayo inashirikiana na G4. Kwa hivyo ukaribu wa namba usikutulize moyo; hatua moja tu kutoka G2 kwenda G3 ndiyo iliyokutia hasara.

Sasa namna ya kuchagua. Mimi nina sharti moja hapa mezani na silivunji hata kwa mteja mwenye haraka: sinunui kibodi kabla sijaitoa ya zamani nikaigeuza. Jina lililoko juu ya kioo ni la kuuzia. Stika ya chini ya laptopu ni bora zaidi kuliko jina, lakini mashine zetu zimepita mikono ya watu wengi, Dubai, Uingereza, Dar es Salaam, kabla hazijafika Darajani, na nimeshakutana na kifuniko cha chini cha mashine moja kimevalishwa nyengine. Kibodi iliyokuwa imekaa humo ikaandika miaka minne ndiyo shahidi wa kweli, na maelezo yake yamebandikwa mgongoni.

Kwenye HP tafuta herufi SPS. Kwa mashine za umri wa yako zinafuatwa na tarakimu sita, kistari, halafu alama tatu. Zile sita ndizo zinazoitambulisha kibodi. Tatu za mwisho ni lugha yake: 001 ni mpangilio wa Marekani, 031 ni wa Uingereza, 171 ni ya Kiarabu. Kwa wasomaji wenye mashine nyengine, Dell huandika DP/N ikifuatwa na alama tano, aghlabu zikitanguliwa na sifuri. ThinkPad huandika FRU. Toshiba, Acer na Asus mara nyingi utakuta namba ya kiwanda kilichotengeneza kibodi yenyewe, inayoanza kwa MP au NSK au 9Z, nayo inatosha kabisa kutafutia. Muuzaji akikuuliza "laptopu gani?", mpe namba hiyo kwanza, jina la laptopu limfuate nyuma.

Nisimulie moja ya zile mbili zangu, maana ndiyo iliyonifundisha. Mteja wa Jang'ombe aliniletea ThinkPad T430. Nikaenda dukani nikaambiwa ipo ya T420, "hizi zote moja". Nikaishika mkononi, utepe ukawa ule ule, soketi ile ile, nikalipa. Kumbe T420 ya mwaka 2011 ilikuwa na kibodi ya zamani ya safu saba za vitufe, na T430 ya 2012 ndiyo waliyobadilisha wakaweka safu sita, vitufe vimeachana. Nilipoichomeka ilianza kuandika, nikafurahi. Halafu nikaona ukingo wa mbele haulali, vijino vya fremu vinagota kwenye plastiki, na baadhi ya vile vitufe vya juu vikibonyezwa vinafanya kazi ya kitufe chengine, kwa sababu mashine yenyewe ilishafundishwa mpangilio mpya. Wapo watu duniani wanaipenda ile kibodi ya safu saba mpaka wanavichonga vijino na kubadilisha programu ya ndani ya mashine ili ikubali. Mimi nilikuwa na mteja anayesubiri kuandika ankara. Nikanunua nyengine kwa pesa yangu. Tangu siku hiyo kibodi ikianza kuandika sisemi kitu mpaka nione imelala sawasawa kila upande.

Kwa hiyo, Maalim, mwambie fundi wenu apige picha tena, lakini za kibodi ya zamani ikiwa imetoka. Uso mzima kutoka juu, si kwa ubavuni. Mgongo, karatasi ikisomeka. Na utepe peke yake, umelazwa karibu na rula ya mtoto wa skuli, ionekane unatokea wapi na una upana gani. Mwanao azichukue kwenye simu akasimame nazo dukani, na ile watakayompa aigeuze palepale kabla ya kulipa.

Akishaigeuza, ailinganishe na picha. Utepe utokee mahali pale pale, uwe na upana ule ule, na idadi ya mistari kwenye ncha iwe sawa; mistari hiyo inahesabika kwa jicho na subira. Matundu ya skrubu yalingane. Halafu aitazame kwa mbele. Kitufe cha Enter ndicho kinachosema upesi zaidi kuliko vyote: cha Marekani ni kifupi kwenda juu, kimelala, cha Uingereza kimesimama, kimekula safu mbili, kichwa kipana na kiuno chembamba. Na pale kushoto, Shift ya Uingereza imekatwa ikaachia nafasi kitufe kimoja zaidi. Yako, kwa picha niliyoiona, Enter imelala. Tena yako ina kile kijiti cha kuendeshea mshale kati ya G, H na B, na zipo kibodi za 840 zisizokuwa nacho. Atafute yenye kijiti. Taa ya chini ya herufi asiilipie zaidi ikiwa ya zamani haikuwa nayo. Taa ina utepe wake mwembamba wa pembeni, na bodi, ile sahani kuu ya ndani ya mashine, ikiwa haina soketi yake haitaiwasha, ingawa herufi zitaandika.

Ama Kiarabu, hapa nikuombe usihangaike kutafuta ile ya 171. Zipo, lakini kuisubiri inaweza kukupitisha mitihani miwili. Kompyuta haioni wino uliochapwa juu ya kitufe. Ukibonyeza kitufe chenye H, kibodi haipeleki H. Inapeleka habari ya mahali kilipo kitufe hicho, na Windows ndiyo inayoamua kutoe nini. Ikiwa umechagua Kiingereza itatoka H. Ukibadili ikawa Kiarabu, kitufe hicho hicho kinatoa alifu. Ndiyo maana hata kibodi ya 001 isiyo na herufi hata moja ya Kiarabu itakuandikia Qur-ani nzima, ukijua vidole vyako viende wapi. Nunua 001, na ununue karatasi ya stika za herufi za Kiarabu. Ziwe zile zenye mgongo usiopitisha mwanga, zina herufi zote mbili, ya Kilatini na ya Kiarabu, maana zile angavu zikibandikwa juu ya wino mweupe herufi zinapandana. Kabla ya kubandika, futa vitufe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Mafuta ya vidole ndiyo yanayozibandua.

Jambo moja dogo ambalo najua litakukera wewe hasa. Windows ina mipangilio miwili ya Kiarabu, 101 na 102. Inafanana karibu kote, lakini dhali inahama. Kwenye 101 dhali iko pembe ya juu kushoto, chini ya Esc. Kwenye 102 imekwenda upande wa kulia, jirani na Enter. Angalia stika zako zimeiweka wapi, kisha uchague mpangilio unaolingana nazo. Nimewahi kumwona ustadhi mmoja akinakili dhali kutoka waraka mwengine na kuibandika kila anapoihitaji, mwezi mzima, akidhani kibodi yake haina. Ilikuwepo, imejificha pembeni. Na kuhama kutoka lugha hadi lugha ni Alt ya kushoto na Shift, pamoja.

Kwa fundi wenu nina maneno mawili, nayo anisamehe ikiwa anayajua. Achomoe betri kwanza, kabla ya kugusa utepe. Na soketi ya utepe ina ulimi wa plastiki, mwembamba kama njiti ya kiberiti, wa rangi tofauti na soketi yenyewe. Aunyanyue kwa ukucha upande wa nyuma mpaka usimame, ndipo utepe utoke wenyewe bila ya kuvutwa. Kuna soketi nyengine ulimi wake haunyanyuki, unasogea mbele kama mtoto wa meza. Atazame kwa tochi kabla hajalazimisha. Ulimi ule ukivunjika, kazi ya kibodi ya shilingi 45,000 inageuka kazi ya bodi. Utepe mpya ukiingia uende sawa mpaka mwisho, mstari wake mweupe ulale sambamba na soketi. Ukikaa upande, herufi nusu zitaandika na nusu zitanyamaza, na mtu atadhani kauziwa mbovu. Kisha arudishe betri, awashe, afungue ukurasa mtupu, na abonyeze kila kitufe, Shift zote mbili, kila tarakimu, kabla hajafunga skrubu hata moja.

Na ile ya G3 usiitupe wala usiirudishe kwa ugomvi. Mpe mwanao aniletee. Nina mteja wa Kikwajuni mwenye 840 G3 anayesubiri kibodi kama hiyo, naye atailipa kwa bei uliyonunulia.

*Dada fundi, nasoma chuo kikuu na nimepanga Tunguu. Usiku nikifanya kazi ya darasani niliimwagia laptopu juisi ya bungo, karibu nusu glasi. Niliizima, nikaifuta, nikaitia kwenye ndoo ya mchele siku mbili. Inawaka vizuri lakini 2, W, S na X zimekufa, na kitufe kirefu cha nafasi kinanata. Ni Dell Latitude, ya zamani lakini naipenda. Mwenzangu anasema tung'oe vitufe vinne hivyo tupachike vyengine kutoka kwenye kibodi mbovu. Itasaidia?*
*Mwanafunzi, Tunguu*

Haitasaidia, mdogo wangu, na nitakueleza kwa nini, ili usimwachie mtu akung'olee vitufe bure.

Kitufe unachokigusa ni kofia tu. Chini yake kuna vikono viwili vilivyopishana kama mkasi, chini ya mkasi kuna kidonge cha mpira, na chini ya vyote kuna karatasi tatu za plastiki zimelala moja juu ya moja. Ya juu na ya chini zimechorwa mistari ya rangi ya fedha, ya kati ina matundu. Ukibonyeza, mstari wa juu unashuka kwenye tundu unagusana na wa chini. Sasa, hakuna kitufe chenye mstari wake peke yake. Vitufe vinashirikiana mistari, kama nyumba za mtaa mmoja zinazopata maji kwenye bomba moja. Tazama 2, W, S na X zilivyo: zimeshuka kama ngazi, moja chini ya nyengine. Hazikufa nne kwa bahati. Uliokatika ni mstari mmoja unaozilisha zote.

Mwezi uliopita nilifungua kibodi iliyoingia juisi, nikazitenganisha karatasi zile tatu chini ya taa. Mstari wa fedha ulikuwa umegeuka mweusi kwa urefu wa kidole, umemomonyoka, na pembeni yake sukari imekauka ikang'aa. Tindikali ya tunda na sukari vinaula ule mstari taratibu, hata baada ya wewe kufuta, na ndiyo maana wengi huniambia "siku ya kwanza iliandika, ya tatu ikafa". Kofia mpya haiurudishi mstari. Mchele nao haufanyi kitu: hauvuti sukari, na unaacha unga ndani ya mashine. Siku nyengine, Mungu apishie mbali, zima, chomoa chaja na betri, igeuze kichwa chini kama hema, na uilete.

Nunua kibodi nzima, lakini kabla ya kununua fanya mambo mawili. Azima kibodi ya waya ya kuchomeka pembeni. Zile nne zikiandika kwa hiyo ya pembeni, basi Windows haina kosa na tatizo liko kwenye kibodi au pale inapounganika na bodi. Kisha kibodi ya zamani ikishatolewa, angalia chini yake. Kama bungo limepita likafika kwenye bodi utaona doa linalong'aa na kunata. Hilo lisafishwe kwa alkoholi ya kusafishia bodi na brashi laini, likauke, ndipo uingize kibodi mpya. Ukiweka kibodi mpya juu ya bodi chafu utarudi kwangu mwezi ujao.

Latitude nyingi zina kibodi za aina mbili, yenye kijiti cha bluu katikati na isiyokuwa nacho, kwa mashine ile ile. Iangalie yako kabla ya kwenda dukani. Na kwa sasa ikiwa nywila yako ina W au S, pale kwenye ukurasa wa kuingilia kuna alama ndogo pembeni chini inayofungua kibodi ya kwenye kioo. Utabonyeza kwa mshale. Inachosha, lakini kazi ya darasani utaimaliza.

*Dada, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli huku Nungwi. Laptopu ya kaunta ilibadilishwa kibodi wiki iliyopita. Kila kitu kinaandika ila nikitafuta alama ya barua pepe, ile @, zinatoka alama za kunukuu, na nikibonyeza alama za kunukuu inatoka @. Wageni wanasubiri mimi nahangaika. Tumeuziwa feki?*
*Kijana wa mapokezi, Nungwi*

Hapana, kaka, kibodi yenu ni nzima. Ya zamani ilikuwa ya Uingereza, mliyowekewa ni ya Marekani, na Windows bado inaamini ipo Uingereza. Kwa Waingereza alama za kunukuu ziko juu ya 2 na @ iko karibu na Enter. Kwa Wamarekani ni kinyume chake. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, ongeza Kiingereza cha Marekani, kisha uondoe cha Uingereza ili isikurudie yenyewe. Dakika mbili. Mkihitaji kuandika alama ya pauni kwenye bei za vyumba, shikilia Alt ukiandika 0163 kwa tarakimu za pembeni, ikiwa laptopu yenu ni pana na inazo.

Kaunta yenu, kama nyingi za huko, bila shaka inatazama bahari. Ifunikeni laptopu usiku. Upepo wa chumvi unaingia kati ya vitufe, na mwaka mmoja wa Nungwi nauona kwenye skrubu zenye kutu kuliko mitano ya Mjini.

*Mwenzangu, mimi ni mama wa watoto watatu, Fuoni. Laptopu ya mwanangu wa kidato cha nne ni nyembamba, aliachiwa na ami yake. Kibodi imekufa. Fundi wa kwanza alisema atabadilisha kibodi kwa 40,000. Alipoifungua akasema lazima abadilishe kifuniko chote cha juu na ametaja 130,000. Naona kama nachezewa.*
*Mama, Fuoni*

Mwenzangu, uchungu wako nauelewa, lakini huenda huyo fundi anasema kweli, na jambo lenyewe unaweza kulihakikisha kwa macho yako.

Ichukue laptopu ya zamani, nene, uiweke pembeni ya hiyo ya mwanao. Kwenye ile nene utaona kibodi imekaa ndani ya shimo moja kubwa, kingo zake zinaonekana pande zote. Hiyo inatoka kwa juu, kwa skrubu chache au vibanio vilivyo chini ya kioo. Kwenye hiyo nyembamba, kila kitufe kitakuwa kimetokeza kwenye tundu lake mwenyewe, na kati ya kitufe na kitufe ni plastiki ya kifuniko. Maana yake kibodi imefungwa kwa ndani. Ili kuifikia lazima mtu atoe kifuniko cha chini, betri, na mara nyengine hata bodi yenyewe.

Na ukishafika huko, unakuta imeshikwa kwa moja ya njia mbili. Nyengine ni skrubu ndogo ndogo nyingi. Hizo zinafunguka, ni kazi ya subira, na kibodi peke yake inauzwa. Nyengine ni vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani, mfano wa uyoga mdogo, kadhaa wa kadhaa. Hivyo havifunguki. Ukivikata umeviua. Mwambie fundi akugeuzie kifuniko uvione kabla hujalipa, ni haki yako na fundi mwaminifu hatakataa. Ukiona uyoga, amekwambia kweli. Ukiona skrubu, kataa 130,000.

Wapo wanaovikata vile vichwa, wanaweka kibodi mpya na kuishika kwa gundi au kwa kuyeyusha plastiki kwa chuma cha moto. Nimefanya mara chache, kwa watu waliokuwa hawana njia nyengine. Sikuipenda. Katikati inabaki laini, ukibonyeza inabonyea, na baada ya miezi huanza kupiga kelele. Kwa mtoto wa kidato cha nne anayeandika kila siku singemfanyia.

Ningekuwa mimi, ningeuliza kwanza mashine yenyewe ina thamani gani leo. Kama betri nayo imechoka, 130,000 ni nyingi mno kuitia humo. Mnunulie kibodi ya waya ya kuchomeka pembeni, shilingi 15,000 anaipata Darajani, aendelee kusoma mpaka mtihani upite. Akumbuke tu kumwomba fundi achomoe utepe wa kibodi iliyokufa, kwa sababu kitufe kilichonasa huko ndani kinaweza kuandika chenyewe katikati ya kazi yake. Kama mashine bado ina nguvu na betri yake inakaa, basi kifuniko chote si hasara: mara nyingi kinakuja na kibodi mpya, na pedi ya kuendeshea mshale huwa ndani yake. Hilo la pedi uliza, maana wengine huuza kifuniko bila ya pedi, na ya zamani inabidi ihamishwe.

Namba ya kifuniko nayo imeandikwa kwa ndani, kama ilivyo ya kibodi. Fundi aipige picha akiwa ameshaifungua, ili mkiamua kuagiza msianze upya. Na ukitaka jicho la pili, mwanao aje nayo hapa Mlandege siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Kuifungua na kuangalia sitozi.